Rafu za Chuma za Dukani Zilizotumika

Rafu za chuma za dukani (pia huitwa shelfu) ni fremu za nguzo, mikono na trei za bati zinazopangia bidhaa katika supamaketi, maduka ya dawa, maduka ya vitabu na ya vifaa vya ujenzi. Duka linapofungwa au kubadilisha sura, mwenye mali huwa na njia mbili kuu: kuziuza zikiwa rafu, au kuziuza kwa kilo kama chuma chakavu. Njia ya kwanza huleta fedha nyingi zaidi kwa kila seti. Ya pili huleta fedha siku hiyo hiyo. Mara nyingi uamuzi hautokani na ubora wa chuma. Hutokana na ukamilifu wa seti, na siku zilizobaki kabla mwenye jengo hajadai funguo zake.

Asili

Kwa karne nyingi bidhaa zilikaa nyuma ya kaunta, mteja akitaja anachotaka na muuzaji akimletea. Septemba 1916 Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, ambako mteja alizunguka mwenyewe na kuchukua bidhaa kwa mkono wake. Mtindo huo ulihitaji rafu ndefu, zinazofikika na zinazohamishika. Mwaka 1947 mhandisi Demetrius Comino aliingiza sokoni nchini Uingereza, chini ya jina la Dexion, vyuma vya pembe vilivyotobolewa tayari, vya kukatwa na kufungwa kwa bolti bila kuchomelewa. Kilichofungwa kwa bolti kingeweza kufunguliwa na kujengwa upya mahali pengine. Sifa hiyo ndiyo inayoiwezesha rafu iliyotumika kuuzwa tena ikiwa rafu. Rafu iliyochomelewa moja kwa moja hadi ikawa kipande kimoja huwa na wateja wachache, kwa kuwa haigeuki wala haisafiri kirahisi.

Muundo na ulinganifu

Seti moja ya kawaida ina nguzo mbili zenye matundu, miguu, bati la mgongo, trei kadhaa na mikono miwili kwa kila trei. Mikono ndiyo hupotea kwanza wakati wa kubomoa, na bila mikono trei ni bati tu.

Tatizo la pili ni vipimo. Rafu nyingi za mtindo wa Ulaya, kama za Tegometall, zina matundu yaliyoachana kwa milimita 50, na upana wa mita 1 au mita 1.25. Zile za Kimarekani, kama za Lozier na Madix, hupangwa kwa inchi: matundu huachana inchi 1, na upana huwa futi 3 au 4. Mkono wa mfumo mmoja hauingii kwenye nguzo ya mwingine. Duka lililonunua rafu kwa awamu, kutoka kwa wauzaji tofauti, linaweza kuwa na lundo linalofanana kwa macho lakini lisilofungamana. Kwa hiyo, kabla ya kutaja bei, nguzo hupangwa kwa aina, kisha sehemu zake huhesabiwa. Nguzo 80 zenye mikono ya kutosha seti 25 zinauzwa kama seti 25. Nguzo zinazobaki ni vipuri au chuma chakavu.

Hesabu ya mizani

Bati la rafu lina uzito unaokadirika kirahisi, kwa kuwa mita moja ya ujazo ya chuma ni tani 7.85. Trei ya sentimita 90 kwa 40, yenye unene wa milimita 0.7, ina takriban kilo 2 kabla ya kuhesabu mikunjo ya kingo zake. Seti nzima yenye trei tano huweza kukaribia kilo 35. Ni uzito mdogo kuliko mwonekano wake: rafu hujaza lori mapema kuliko zinavyolilemea, na nauli hulipwa kwa safari.

Tena, bati jembamba huangukia daraja la chini sokoni. Katika viwango vya biashara ya chuma chakavu vinavyotumika kimataifa, daraja la kwanza la chuma kizito huanzia unene wa takriban milimita 6. Bati jembamba huungua na kupotea zaidi ndani ya tanuri, na rangi yake huongeza moshi na uchafu. Vipande vya plastiki vya kuwekea bei, vioo na mbao huondolewa kabla ya kupima, maana mnunuzi atavitoa kwenye uzito kwa kukisia, na makisio yake hayatampendelea muuzaji. Sumaku nayo ni chombo muhimu. Chuma cha pua cha aina inayotumika sana jikoni hakishikwi na sumaku au hushikwa kwa udhaifu, na alumini haishikwi kabisa. Vyote viwili vina bei ya juu kuliko chuma cha kawaida na havifai kuchanganywa kwenye mzigo mmoja.

Mfano wa kukokotoa tu: seti 100 za kilo 35 ni kilo 3,500. Bei ikiwa shilingi 800 kwa kilo, mzigo wote ni shilingi 2,800,000, sawa na 28,000 kwa seti. Tuseme seti kamili inauzika kwa 90,000, lakini ni 40 tu zinazopata wateja. Hizo 40 zitaleta 3,600,000, na 60 zilizobaki zikipelekwa kwenye mizani zitaleta 1,680,000, jumla 5,280,000. Tofauti ni shilingi 2,480,000. Kama ghala la kuzihifadhia linalipiwa 600,000 kwa mwezi, faida hiyo yote huliwa katika muda wa miezi minne na kidogo, hata kabla ya kuwalipa vibarua na lori. Hesabu hii inaonyesha mambo mawili: kuuza chini ya nusu ya rafu bado kunaweza kushinda mizani, na ushindi huo una tarehe ya mwisho.

Soko katika Afrika Mashariki

Muongo mmoja wa misukosuko ya supamaketi umefanya swali hili kuwa la kawaida katika eneo hili. Supamaketi ya Uchumi ilifunga matawi yake ya Uganda na Tanzania mwaka 2015. Nakumatt, iliyoanzia Nakuru kama duka la magodoro na kufikia matawi zaidi ya 60 katika nchi nne, ilipigiwa kura ya kufilisiwa na wadai wake Januari 2020. Tuskys ilifuata mkondo huo, na Game ya Afrika Kusini ikaondoka Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2022.

Namna duka linavyokufa huathiri bei ya rafu zake. Shoprite ilipoondoka Tanzania mwaka 2014, maduka yake yalichukuliwa na Nakumatt; matawi sita ya mwisho ya Nakumatt nchini Kenya nayo yalikwenda kwa supamaketi ya Naivas. Katika makabidhiano kama hayo rafu huwa na thamani kubwa zaidi zikiwa zimesimama palepale, kwani mnunuzi haingii gharama ya kubomoa, kusafirisha wala kufunga. Mnada wa ufilisi ni jambo jingine: dalali huuza kwa mafungu, siku ni moja, na matawi mengi yakifungwa kwa pamoja soko hujaa.

Wanunuzi wa rejareja ni wenye maduka madogo ya kujihudumia, maduka ya dawa, ya pembejeo na ya vipuri, pamoja na shule na zahanati zinazotaka stoo nadhifu. Wengi huhitaji seti tano hadi kumi, si mia.

Kuna pia njia ya tatu, iliyo kati ya rafu na tanuri. Mafundi wa jua kali, kama wale wa Kamukunji jijini Nairobi wanaojulikana kwa masanduku, majiko na mikokoteni, hununua bati na nguzo kama malighafi. Trei isiyo na mikono hukatwa, ikakunjwa upya na kuwa kifuniko au sehemu ya sanduku. Nguzo huwa miguu ya meza au fremu ya kibanda.

Usalama

Kutu ya juujuu na rangi iliyochunika si sababu ya kutupa rafu. Msasa na rangi mpya huzirudisha kazini. Tundu lililopanuka, nguzo iliyopinda au mkono uliolegea ni sababu tosha. Kwa rafu nzito za maghala, kiwango cha Ulaya EN 15635 hupima nguzo kwa ufito ulionyooka wa mita 1: kupinda kunakozidi milimita 5 kuelekea upande wa mihimili, au milimita 3 kuelekea upande wa kina, ni uharibifu wa kushughulikiwa, na kukizidi mara mbili ya hapo mzigo hushushwa mara moja. Kunyoosha nguzo kwa nyundo na kuiuza tena hakukubaliki, maana chuma kilichokunjwa na kunyooshwa hupoteza sehemu ya nguvu zake.

Wanaokata kwa gesi hukabili hatari nyingine. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na bati lenye zinki likichomwa hutoa moshi unaoleta homa kwa fundi.

Sheria

Nchini Kenya biashara ya chuma chakavu husimamiwa na sheria ya mwaka 2015 inayodai leseni na kumbukumbu za manunuzi. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuharibiwa na nchi kukumbwa na giza, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara hiyo yote hadi Mei. Kwa miezi hiyo njia ya mizani ilifungwa kwa kila mtu, hata mwenye mali halali. Tanzania nayo huhitaji vibali vya mamlaka za mazingira kwa wafanyabiashara wa chuma chakavu.

Umiliki nao huchunguzwa. Mwenye jengo anayedai kodi anaweza kushikilia mali iliyomo, na nchini Kenya mali inayohamishika huweza kusajiliwa kama dhamana ya mkopo chini ya sheria ya 2017. Mnunuzi mwangalifu huomba uthibitisho wa umiliki kabla ya kulipa.

Kwa kawaida, basi, seti kamili za mfumo mmoja hutafutiwa wateja zikiwa bado zimesimama dukani, sehemu pungufu huenda kwa mafundi, na zilizopinda huenda kwenye mizani ya mnunuzi mwenye leseni, muuzaji akibaki na risiti yenye uzito na tarehe.