Ndege za kwanza za Kalemie zilifika ndani ya masanduku

Mutu akisema anataka kununua ndege ya vipande-vipande, aiunganishe mwenyewe nyuma ya nyumba kisha kazi ya kila siku, wengi hapa Kalemie watacheka. Lakini ndege za kwanza zilizoruka pande hii ya ziwa Tanganyika zilifika vile vile: ndani ya masanduku. Ilikuwa mwaka wa 1916.

Vita vya ziwa

Wakati ule Wajerumani walikuwa Kigoma, Wabeleji walikuwa pande ya huku. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilitisha ziwa nzima. Nayo ilijengwa kwanza Papenburg, kule Ujerumani, ikafunguliwa, ikaletwa katika masanduku kama 5.000, ikaunganishwa upya Kigoma mwaka wa 1915.

Ili kuipiga, Wabeleji waliazima kwa Waingereza ndege 4 za aina ya Short 827. Zilikuwa ndege za mbao na kitambaa, za watu wawili, zenye motere ya nguvu za farasi 150. Hazikuwa na magurudumu. Zilikaa juu ya maji kama mitumbwi.

Safari yake, wenye kusafiri katika inchi yetu wataielewa: treni toka Matadi mpaka Kinshasa, mashua mpaka Kisangani, treni mpaka Ubundu, mashua mpaka Kindu, treni mpaka Kongolo, mashua mpaka Kabalo, kisha treni mpaka hapa, kwa njia ya reli iliyofika ziwani mwaka wa 1915. Kila fasi mizigo ilishushwa, ikapakiwa tena. Vitabu vinataja marubani. Wenye kubeba masanduku havitaji majina yao.

Wavuvi wetu wanajua mawimbi ya Tanganyika. Ndege ile ingevunjika kabla ya kuruka. Kwa hiyo mafundi waliziunganisha kwenye ziwa dogo la Tongwe, lenye maji ya kutulia. Mwezi wa Mei 1916 zikaanza kuruka. Tarehe 10 Juni, rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon walivuka kilomita kama 130 wakatupa mabomu Kigoma. Götzen haikuzama siku ile. Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai, mbele ya kukimbia. Waingereza waliitoa majini, na toka mwaka wa 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba. Behaeghe hakurudi kwao: alikufa Niemba mwezi wa Desemba mwaka ule ule.

Na leo?

Leo kuna kampuni zenye kuuza ndege ya vipande kwa mutu yeyote: mabati ya bawa yaliyokatwa tayari, misumari ya riveti, na kitabu cha kuonyesha kazi hatua kwa hatua. Mara nyingi motere inanunuliwa mbali. Marekani, wajenzi wa nyumbani wana chama chao, EAA, toka 1953. Sheria ya kule inataka sehemu kubwa ya kazi, kupita nusu, ifanywe na watu wenye kujenga kwa kujifunza ao kwa kujifurahisha.

Kazi hiyo inaweza kupita saa 1.000. Mwenye kupata saa 10 kwa juma atamaliza karibu miaka miwili, kama hakuna kipande kilichokosekana. Vijana 20 wa Afrika ya Kusini waliunganisha ndege ya Sling 4, na mwaka wa 2019 ikaruka toka Cape Town mpaka Cairo. Hawakuwa peke yao: walikuwa na mafundi wa kuwaongoza.

Hapo ndipo penye hatari. Kuunganisha si sawa na kuruka. Riveti moja iliyopigwa vibaya haionekani chini. Inaonekana juu, wakati hakuna fasi ya kusimama. Ndiyo sababu kila hatua inaandikwa na kupigwa picha, fundi mwingine anaikagua, na ndege inapimwa uzito ili isilemee mbele wala nyuma. Mara ya kwanza inarushwa na rubani mwenye uzoefu, bila abiria.

Kuna pia mambo ya esansi. Motere kama Rotax 912 inakubali esansi ya gari, lakini iwe safi. Esansi ya kadhafi, ile ya bidoni pembeni ya barabara, inaweza kuwa na maji ao uchafu. Pikipiki ikizima, unasukuma. Ndege ikizima, unalazimika kushuka.

Kwetu, sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 ndiyo inaongoza usafiri wa anga, na mwenye kusimamia ni Autorité de l'aviation civile, AAC. RVA inashugulikia viwanja.

Kijana mwenye ndoto hii, mbele ya kutuma hata franka moja, ajiulize: nani atakagua kazi yangu? Nani atairusha mara ya kwanza? Na AAC inasema nini? Kama jibu moja linakosa, aanze na kujifunza umekanika na kupiga riveti. Kazi hiyo ina soko Kalemie, hata bila ndege.