Mashujaa wa maneno: Letterman na WordGirl

Wasomaji wangu, leo tuongelee katuni. Ndiyo, katuni! Mashujaa wanaopaa tumezoea kuwaona wakipiga ngumi tu, lakini Marekani waliwahi kuwapa kazi ya kufundisha maneno.

Oktoba 1971 televisheni ya umma ilianzisha The Electric Company, kipindi cha kusoma kwa watoto waliokwisha kulikua rika la Sesame Street. Mwaka 1972 akaingia humo Letterman, kwa sauti ya Gene Wilder. Adui yake Spell Binder hubadili herufi moja, na kitu chenyewe kinageuka. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: unafuga paka, ghafla una taka! Letterman anachomoa herufi kwenye sweta lake, mambo yanatengemaa.

Huyo alifundisha herufi. WordGirl akafundisha maana. Alibuniwa na Dorothea Gillim, akaanza na vipande vifupi 2006, akapata kipindi chake Septemba 2007. Gillim alikataa kuwalegezea watoto lugha, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Msimulizi anawatajia maneno mawili mwanzoni. Watoto wanayasaka ndani ya kisa, wakiyasikia tena na tena hadi yanaeleweka. Hakuna kukariri ubaoni.

Adui ninayempenda ni The Butcher, anayerusha nyama na kuboronga maneno. WordGirl humsahihisha kwanza, ndipo amkamate. (Wahariri wetu nao ni hivyo hivyo.)

Uandishi wake ulipata tuzo ya Emmy 2008. Vipindi vipya vilikoma Agosti 2015.