Pasaka ya Wayahudi: namna wanawake waliingia katika simulizi

Pasaka inapoanza, familia za Wayahudi zinakusanyika mezani kwa karamu inayoitwa seder. Wanasoma Hagada, kitabu kinachoeleza namna Waisraeli walitoka utumwani Misri. Kwa miaka mingi, wamama walisafisha nyumba na kupika, wanaume wakaongoza masomo. Tena, Hagada ya kawaida haimtaji Miriamu, dada ya Musa, wala Shifra na Pua, wale wazalishaji waliokataa amri ya Farao ya kuua watoto wavulana.

Meza ya wanawake

Katika miaka ya 1970, mwandishi Mmarekani E. M. Broner alitunga Hagada ya wanawake pamoja na Naomi Nimrod. Mwaka 1976, huko New York, Broner na wenzake walifanya seder ya wanawake peke yao. Walijitambulisha kwa majina ya mama na nyanya zao, si ya baba.

Kikombe cha maji

Toka zamani, mezani kuna kikombe cha divai cha nabii Eliya. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kikundi cha wanawake wa Boston kilianzisha kikombe cha Miriamu, chenye maji. Juu ya nini maji? Mapokeo ya Wayahudi yanasema kisima kilifuata watu jangwani kwa ajili yake. Alipokufa, maji yakakosekana.

Chungwa

Katika miaka hiyo ya 1980, mwalimu Susannah Heschel aliongeza chungwa kwenye sahani ya Pasaka. Lilikuwa ishara ya mshikamano na Wayahudi wanaopenda watu wa jinsia yao, waliotengwa na jamii. Waliokula walitema mbegu, kuonyesha kwamba wanakataa chuki.

Baadaye ikaenea hadithi kwamba mwanaume fulani alimwambia Heschel mwanamke hafai kusimama mbele ya sinagogi, sawa vile chungwa halifai kwenye sahani ile. Heschel mwenyewe alikanusha. Kumbe wazo la mwanamke lilikuwa limewekwa katika kinywa cha mwanaume, na wale aliowatetea wakasahauliwa tena.

Si familia zote zinafuata desturi hizi. Lakini seder inafanyika nyumbani, na mwenye kupanga meza hana haja ya kuomba ruhusa ili aongeze kikombe kimoja. Mtoto akiuliza ni cha nani, jina la Miriamu linatajwa.