Mwezi wa Kadhi na Mwezi wa Mvuvi

Katika miji ya pwani yetu kadhi na mvuvi huishi mtaa mmoja, lakini hawautazami mwezi kwa jicho moja. Kadhi anauhitaji jioni moja tu, ya siku ya 29, jua likishazama na macho yote yakiwa magharibi. Hilali ikionekana, kesho ni mosi. Isipoonekana, mwezi unakamilishwa siku 30. Baada ya hapo ni kuhesabu, hata mawingu yakitanda wiki mbili. Mvuvi anaufuata tangu unapoandama hadi unapobaki uzi mwembamba wa alfajiri, kwa kuwa maji na giza havingoji tangazo la mtu. Nikilinganisha desturi za kale na za sasa, namwona mvuvi huyu kuwa ndugu wa makarani wa Babeli zaidi kuliko wa kadhi jirani yake.

Makarani wale nao walianza mwezi kwa hilali ya baada ya magharibi, ila hawakuishia hapo. Waliandika shajara za anga juu ya mabamba ya udongo, na kongwe tuliyo nayo ni ya mwaka 652 kabla ya Kristo. Nyingi zimehifadhiwa British Museum, London. Kila mwezi walipima vipindi sita. Cha kwanza ni muda kati ya kuzama kwa jua na kuzama kwa hilali jioni ya kwanza. Cha mwisho ni muda kati ya kuchomoza kwa mwezi mwembamba wa mwisho na kuchomoza kwa jua. Vinne vilivyobaki vyote ni vya siku za mwezi mpevu: asubuhi, je, mwezi umetua kabla ya jua kutoka au baada yake? Jioni, umechomoza kabla ya jua kuzama au baada yake? Na kwa muda gani? Kipimo chao kilikuwa sawa na dakika 4 zetu. Ujanja mkubwa, kwa maoni yangu, uko hapo katikati ya mwezi, wakati jua na mwezi vinakabiliana kutoka pande mbili za upeo, na tofauti ndogo inaonekana bila darubini. Baadaye walitambua kwamba vipindi hivyo, vikisahihishwa kidogo, hurudi baada ya miezi 223, yaani miaka 18 na siku chache. Wakawa wanatabiri mwezi ujao kwa kusoma mabamba ya miaka 18 nyuma.

Twende sasa Ziwa Victoria. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Mbalamwezi ikijaa ziwani, taa inakosa nguvu, samaki wanatawanyika. Ndiyo maana siku za mwezi mpevu mitumbwi mingi hupumzika na nyavu hushonwa. Lakini baada ya mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50 kila siku, na ifikapo usiku wa tatu kuna kama saa mbili za giza za kufanyia kazi mwanzoni mwa usiku. Kabla ya mpevu mambo yamegeuka: giza linakuja mwezi ukishatua, kuelekea alfajiri. Mvuvi wa dagaa, bila kuandika popote, anashika moyoni habari zile zile za kuchomoza na kutua zilizowashughulisha makarani. Kwetu karibu na ikweta zile dakika 50 hazipandi wala kushuka sana. Uingereza, karibu na mwezi mpevu wa Septemba, ucheleweshaji hushuka chini ya nusu saa, na wakulima wa huko wakauita mwezi wa mavuno kwa kupata mwanga jioni kadhaa mfululizo. Mwezi wa namna hiyo ungewakera sana wavuvi wetu.

Baharini hesabu inabadilika tena. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, na maji mafu huja karibu na siku ya saba na ya ishirini na mbili. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani hufanya kazi maji ya bamvua yakipwa, na kwa Zanzibar hilo hutokea saa nne au saa tano asubuhi, mwezi baada ya mwezi.

Wayahudi wa kale, kwa upande wao, waliegemea mashahidi. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria zao, inasimulia kwamba Rabban Gamaliel alikuwa na michoro ya maumbo ya mwezi ukutani, akiwauliza waliokuja kushuhudia: ulikuwa kama huu au ule? Waliulizwa pia ulikuwa juu kiasi gani, kaskazini au kusini mwa jua, na umeinamia wapi. Michoro ile isingefaa Mombasa, ambako hilali hulala kama mashua. Baadaye Wayahudi waliacha mashahidi wakafuata hesabu: miaka 19, miezi saba ya nyongeza. Umm al-Qura, kalenda ya serikali ya Saudi Arabia, nayo ni hesabu. Tangu mwaka 1423 Hijria inatazama kama mwezi umekutana na jua kabla ya magharibi na unatua Makka baada ya jua, hata kwa dakika moja. Macho hayawezi kuona mwezi wa dakika moja. Kwa Ramadhani na Idi, bado mahakama ya huko husikiliza mashahidi.

Waborana wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, kwa maelezo ya mwanaanthropolojia Asmarom Legesse, wana majina 27 ya siku yanayozunguka juu ya miezi ya siku 29 au 30, hivyo kila mwezi unaanza majina mawili au matatu mbele. Wagujarati wa Dar es Salaam husherehekea Diwali usiku usio na mwezi; kesho yake au keshokutwa majirani zao Waislamu wanapanda juu ya nyumba kutafuta hilali.

Ubishi wetu wa Idi, wa kuonekana hapa au kuonekana popote, hauwezi kumalizwa na programu ya simu inayotaja dakika ya mwezi kutua Lamu, kwa sababu kinachogombewa ni nani anayekubaliwa kuwa shahidi. Hata hivyo kuna ushahidi mwingine ambao hauitwi barazani. Usiku wa kumi na nne, mtu akisimama ufukweni akatazama mashariki, ataona kama mwezi umetangulia jua kuzama au umechelewa, na hapo atapata fununu ya kama mwezi ulianza kwa wakati wake. Fununu tu, maana kutoka mwezi kukutana na jua hadi kupevuka kunaweza kuchukua chini kidogo ya siku 14 au zaidi ya 15 na nusu. Huenda ndiyo sababu makarani wa Babeli hawakuridhika na kipindi kimoja cha katikati ya mwezi, wakaandika vinne.