Mhandisi Aliyezuiwa Gatini

Sheria za usalama wa vyombo vya majini hupitishwa Dodoma, mahali ambapo upepo hauna chumvi. Mkulima wa Busi, kule Kondoa, aweza kumaliza umri wake bila kukanyaga sitaha, lakini mbunge wake hupiga kura juu ya muswada wa meli sawa na mbunge wa Ukerewe. Si upuuzi, basi, kuwaomba wasomaji wa uwanda wa kati waitazame historia ya moto wa melini, na hasa swali moja: ni nani hufanya hesabu wakati moto unawaka?

Tarehe 9 Februari 1942, meli ya Kifaransa Normandie ilikuwa gatini New York, ikigeuzwa kuwa meli ya kubebea askari. Cheche za mafundi zikaangukia rundo la jaketi za kujiokolea; kilichotengenezwa kuokoa ndicho kilichowaka kwanza. Zimamoto walifika kwa magari na kwa mashua, wakamimina maji juu ya sitaha. Moto ukazimwa, lakini maji yakabaki juu, na meli ikaanza kuegama. Vladimir Yourkevitch, mhandisi aliyeisanifu, alifika gatini na ushauri: zifunguliwe vali za chini, maji yaingie, meli ikae wima juu ya tope. Polisi walimzuia, na wakuu wa jeshi la majini wakaukataa ushauri wake. Usiku huo Normandie ikalala ubavu.

Aliyewahi kubeba ndoo isiyojaa kichwani anaijua kanuni yenyewe. Maji yaliyo huru hukimbilia upande ulioinama, na kwa kufanya hivyo huuinamisha zaidi.

Miaka 64 baadaye somo lilirudiwa kwa gharama ya kutisha. Usiku wa tarehe 2 Februari 2006, Al-Salam Boccaccio 98 iliondoka Duba, Saudi Arabia, kwenda Safaga, Misri, ikiwa na watu wapatao 1,400, wengi wao Wamisri waliotoka kutafuta riziki. Moto ulizuka kwenye sitaha ya magari. Nahodha akaendelea na safari badala ya kurudi. Mabaharia wakapiga maji kwa saa kadhaa, mifereji ya kuyatoa ikaziba, maji yakajikusanya sitahani. Hatimaye meli ikapinduka. Waliokufa walizidi 1,000.

Programu za kompyuta za kumsaidia nahodha katika dharura ni jaribio la kumweka Yourkevitch ndani ya meli, asiweze kufukuzwa na polisi. Hupokea habari kutoka kwenye vihisi: joto la kila chumba, milango iliyofungwa, kina cha maji. Kisha hukadiria moto utaelekea wapi, kuta zipi zipozwe, na tani ngapi za maji zinaweza kumiminwa kabla chombo hakijapoteza uthabiti. Uamuzi hubaki wa nahodha. Kwa meli kubwa za abiria zilizojengwa kuanzia tarehe 1 Januari 2014, mkataba wa kimataifa wa SOLAS unadai kompyuta ya uthabiti melini, au msaada wa aina hiyo kutoka nchi kavu, pale maji yanapoingia.

Lakini mkataba huo unahusu hasa safari za kimataifa. Vivuko vyetu vya ndani viko chini ya sheria zetu wenyewe, na hapo ndipo Dodoma inapoingia. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, waokoaji walitoboa tumbo lake lililoelea ili kuwatoa waliokuwa hai ndani. Hewa ikatoka, meli ikazama. Walitenda kwa huruma, bila mtu wa kuwafanyia hesabu.

Nami sidhani kwamba tuanze kwa kununua kompyuta. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara, na waliokufa walizidi 220. Programu yoyote ya uthabiti huanza na uzito uliomo chomboni. Mbunge wa Kondoa anaweza kuiuliza Serikali, bila kuwa baharia, iwapo idadi ya abiria wa kila kivuko hufika ofisini nchi kavu kabla kamba haijafunguliwa, na ni nani anayeihesabu.