Kidakuzi, biskuti na kipande

Ukiwa Muyeye, ukafungua tovuti ya hoteli iliyo mwendo wa tuktuk tu kutoka kwako, aghalabu kinachokulaki si picha ya bahari. Ni kibao kinachokutaka ukubali kuki, kwa Kiingereza au Kiitaliano. Wengi wetu hubonyeza 'kubali' ili kituondokee, bando lisiishe bure. Je, huwa tumekubali nini hasa?

Mwaka 1994 Lou Montulli, mtunzi kijana wa programu katika kampuni ya Netscape, Marekani, alikuwa na tatizo la usahaulifu. Tovuti za wakati ule zilikuwa kama muuza mahamri asiyekumbuka sura: umeagiza mawili, ukiongeza mbaazi anakuuliza wewe nani. Duka la mtandaoni lingeendeshwaje hivyo? Montulli akabuni kijifaili cha maandishi ambacho tovuti hukiacha ndani ya kompyuta ya mgeni. Akirudi, tovuti inakisoma na kumtambua. Jina alilichota kwa watunzi wa programu za Unix, waliokuwa wakiita 'biskuti ya mazingaombwe' data inayopokezwa kutoka programu moja hadi nyingine.

Kisha yakaja matangazo. Ukurasa mmoja hubeba vitu vya kampuni nyingi, na kila moja yaweza kuacha chake. Kampuni ya matangazo iliyojipenyeza katika tovuti mia inakuona kote: asubuhi unasoma habari, adhuhuri unatafuta dawa ya kisukari, jioni nauli ya Mombasa. Magazeti yalianza kulipigia kelele jambo hili 1996.

Kwa Kiswahili, wapo wasemao kuki, na wapo, wakiwemo wafasiri wa programu za Google, waliochagua kidakuzi. Mimi naegemea kidakuzi. Kuki ni sauti tu, haina habari. Kidakuzi kina nasaba na udaku na mdakuzi, yule anayechungulia mambo ya watu akaenda kuyatangaza. Kiingereza kinakupa kitafunio cha chai; Kiswahili kinakutahadharisha. (Kweli, jina linavionea baadhi yake: kinachokumbuka tu kwamba umeshaingia kwenye barua pepe yako si mmbea.)

Ila ukitafuta mfano wa jinsi kinavyofanya kazi, rudi nyuma kwenye kipande. Sheria ya 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika wa Kenya kutembea na karatasi ya usajili, ambayo wengi waliining'iniza shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Ilikuwa na alama za vidole, na mwajiri aliandika humo mshahara na siku ya kumwachisha mtu kazi. Mbebaji ni mfanyakazi, mwandishi ni mwajiri, na msomaji ni mwajiri mwingine. Harry Thuku, aliyekamatwa Machi 1922, alikuwa miongoni mwa waliokipinga. Kidakuzi nacho unakibeba wewe, kwenye simu yako, kwa bando lako, lakini hukukiandika wala hukisomi.

Tofauti ni kwamba hiki unaweza kukitupa. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya faragha, ufute vilivyomo. Utalazimika kuingia upya kwenye akaunti zako, basi. Papo hapo zuia vya washirika wengine, ndivyo vyenye udaku. Safari huvizuia yenyewe tangu 2020. Google iliahidi mwaka huohuo kuviondoa katika Chrome, ikaghairi 2024, kwa hiyo mwenye Chrome ajifanyie mwenyewe. Hali fiche hufuta vidakuzi ukishafunga, ila haikufichi kwa tovuti uliyomo.

Kibao chenyewe kimetokana na sheria za Ulaya, na hoteli za Malindi zinawawinda wageni wa huko. Oktoba 2019 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichotiwa alama kabla hujafika si ridhaa. Mwezi uliofuata Kenya ikapata Sheria ya Ulinzi wa Data, inayotaka ridhaa itolewe kwa hiari, kwa jambo mahususi, na mtoaji awe amefahamishwa. Katiba ya 2010 nayo imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Sasa huyu wa Muyeye, anayesomeshwa Kiitaliano ili aone bei ya chumba mtaani kwake, amefahamishwa na nani?