Mazuku: Safari ya Neno la Kivu katika Elimu ya Miamba

Utangulizi

Elimu ya miamba ina maneno machache iliyoyapokea kutoka kwa watu wanaoishi juu ya miamba yenyewe. Kihawaii kimeipa majina mawili ya lava, pahoehoe ile laini na aa ile yenye kukwaruza. Kijava kimeipa lahar, tope la majivu linaloporomoka kutoka mlimani. Kijapani kimetoa tsunami. Kiswahili nacho kimechangia neno moja, nalo halikutoka Unguja wala Mombasa, bali Goma, kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Kivu. Neno hilo ni mazuku.

Wataalamu wa volkano hulitumia kutaja mahali penye bonde au shimo ambapo hewa ya ukaa hutoka ardhini na kutuama, ikaua kiumbe chochote kinachoingia humo. Makala haya yanafuatilia historia ya neno hilo na ya maarifa yanayobebwa nalo. Hoja yake ni kwamba sayansi ililipokea neno lakini ikalifasiri vibaya, na kwamba Kiswahili sanifu, ambacho kingeweza kuisahihisha fasiri hiyo, hakikuwa na neno hilo katika hazina yake. Jambo hili si la wanaleksikografia peke yao. Eneo la mazuku lina wakazi wengi, na mara kwa mara limepokea wakimbizi wasiolijua jina hilo.

Ufa na mabamba

Ili kuelewa mazuku yanatoka wapi, yafaa kuanza na ufa. Mwaka 1891 Eduard Suess, mwanajiolojia wa Vienna, alichapisha andiko kuhusu mipasuko ya Afrika ya Mashariki, akitegemea ramani na taarifa za msafara wa Teleki na von Höhnel uliofika Ziwa Turkana mwaka 1888. Suess mwenyewe hakufika. Aliyefika ni J. W. Gregory, Mwingereza aliyesafiri hadi Baringo mwaka 1893, na kitabu chake cha mwaka 1896 ndicho kilicholieneza jina ambalo sisi tunaliita Bonde la Ufa. Gregory alieleza kwamba bonde hili halikuchimbwa na mto. Ardhi ilipasuka katika mistari miwili inayokwenda sambamba, na sehemu ya katikati ikadidimia.

Fasiri ya Kiswahili hapa ni ya kupongezwa. Ufa ni neno la nyumbani: kila aliyejenga kwa udongo anajua ufa unavyoanza mdogo ukutani, unavyofuata udhaifu wa ukuta, na unavyopanuka bila kelele. Nadharia ya mabamba, iliyokubalika katika miaka ya 1960, ilithibitisha taswira hiyo. Bamba la Nubia na bamba la Somalia yanaachana kwa kasi ya milimita chache kwa mwaka. Baadhi ya waandishi wetu huita vipande hivyo sahani. Mimi napendelea bamba, kwa kuwa sahani humfikirisha msomaji juu ya chombo chenye ukingo na kina, ilhali bamba ni kipande kipana na kigumu kisicho na sharti la umbo.

Ufa huo una matawi mawili. Tawi la mashariki hupita Kenya na Tanzania, na ndilo lililoandikwa zaidi katika vitabu vya shule. Tawi la magharibi linapinda kama upinde kuanzia Ziwa Albert, kupitia Edward na Kivu, hadi Tanganyika, ziwa lenye kina cha takribani mita 1,470. Kati ya Edward na Kivu ndipo iliposimama safu ya Virunga yenye milima minane mikubwa ya volkano, miwili kati yake ikiwa hai sana: Nyiragongo, wenye urefu wa takribani mita 3,470, na jirani yake Nyamulagira.

Inafaa kusimama kidogo kwenye jina Virunga. Katika Kinyarwanda, ikirunga ni mlima wa volkano, na wingi wake ni ibirunga. Majirani zetu, basi, wanalo neno la Kibantu la kitu hiki, neno lililozaliwa mahali kitu chenyewe kilipo. Kiswahili cha pwani, ambako hakuna mlima unaotema moto, kilikopa volkano kutoka Ulaya. Sidai kwamba volkano ifutwe, imeshaota mizizi. Lakini ni ajabu kwamba tulivuka bahari kutafuta neno lililokuwa ng'ambo ya ziwa.

Jinsi mazuku yanavyoua

Chini ya Nyiragongo, miamba iliyoyeyuka hubeba gesi nyingi, hasa hewa ya ukaa, yaani kabonidayoksaidi. Sehemu ya gesi hiyo hutoka kileleni pamoja na moshi, lakini nyingine hupenya katika nyufa za kina na kutokea mbali na mlima, kwenye nyanda za lava ya zamani kati ya Goma na Sake. Lava hiyo ina mashimo, mabonde madogo, na mapango marefu yaliyoachwa na mikondo iliyopoa juu huku ndani ikiendelea kutiririka. Gesi hujikusanya humo.

Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa takribani mara moja na nusu. Haina rangi wala harufu. Katika hewa tunayovuta kila siku ipo kwa kiasi cha takribani asilimia 0.04. Ikizidi asilimia 10 humpotezea mtu fahamu kwa muda mfupi, na ndani ya mazuku imepimwa kwa viwango vinavyopita hapo mara kadhaa. Kwa kuwa hulala chini kama maji, mtu mzima anaweza kusimama salama mahali ambapo mbuzi au mtoto aliye karibu naye anazidiwa. Akiinama kumwokoa, naye huingiza kichwa katika gesi ileile. Usiku na alfajiri, kunapokuwa na baridi na utulivu, gesi huongezeka; jua likichomoza na upepo ukivuma, hutawanyika. Ndiyo maana mahali palipoua asubuhi panaweza kuonekana pasipo na hatia adhuhuri, isipokuwa kwa mizoga ya ndege na wadudu.

Neno linaingia vitabuni

Mwaka 1894 Gustav Adolf von Götzen, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita vya Maji Maji, alipanda Nyiragongo. Makubaliano ya mwaka 1910 kati ya Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza yaliigawa Virunga katika makoloni matatu, na mwaka 1925 Wabelgiji walianzisha Hifadhi ya Albert upande wao. Baada ya Vita Kuu ya Pili utafiti uliongezeka. Taasisi ya utafiti wa Afrika ya Kati yenye makao Lwiro, karibu na Bukavu, ilianzishwa mwaka 1947, na mwaka uliofuata Haroun Tazieff aliliona ziwa la lava ndani ya Nyiragongo. Habari za ziwa hilo zilivuta macho ya dunia. Habari za mashimo yasiyotoa mwali wala moshi zilisubiri.

Mwaka 1965 mwanabiolojia Jacques Verschuren alichapisha kwa Kifaransa andiko kuhusu wanyama wa hifadhi waliokufa kwa kukosa hewa, akiieleza gesi ya asili kuwa sababu ya vifo isiyojulikana vya kutosha. Isiyojulikana kwa nani? Wenyeji walikuwa na jina lake. Jina hufuata uzoefu, na kwa jambo lisiloonekana kwa macho jina ndilo ushahidi wa awali kwamba watu walikwisha kulinganisha kifo kimoja na kingine, wakatambua kwamba chanzo chake ni mahali, wala si ugonjwa wala jirani mbaya. Huo ni utafiti, hata kama haukuchapishwa.

Tangu mlipuko wa mwaka 2002 neno limekuwa istilahi ya kawaida katika majarida ya volkano, wakati mwingine likiongezewa alama ya wingi ya Kizungu na kuandikwa mazukus, kana kwamba ma- haikutosha.

Fasiri iliyopotoka

Karibu kila andiko la kigeni linapolitaja neno hili huambatanisha maelezo kwamba maana yake kwa Kiswahili ni upepo mwovu. Maelezo haya yamerudiwa mara nyingi hata yamepata hadhi ya ukweli. Lakini ndani ya mazuku hamna upepo na hamna uovu. Kamusi za Kiswahili sanifu zina kitenzi zuka, yaani kutokea ghafla, na nomino mzuka, kitu cha kutisha kinachomtokea mtu bila kutarajiwa. Ukaribu wa sauti na maana unavutia, ingawa irabu ya mwisho inatutaka tuwe waangalifu kabla ya kutangaza nasaba. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba upepo mwovu ni ufafanuzi, si tafsiri.

Ufafanuzi huo una hatari yake. Upepo hujulikana kwa kusogea: huvuma, husikika, hutikisa majani. Mtu anayeambiwa ajihadhari na upepo atatafuta kinga ya kujisitiri, ukuta au bonde. Mazuku yako hasa pale upepo ulipokosekana, na bonde la kujisitiri ndilo kaburi lenyewe. Afisa wa misaada anayeandaa bango la onyo kwa kufuata fasiri ya vitabu atakuwa amewaelekeza watu mahali pabaya kwa lugha fasaha.

Kiswahili kina namna bora za kusema: hewa nzito, hewa iliyotuama, hewa inayolala chini. Hakuna hata moja kati ya hizi inayohitaji kuundwa na kamati.

Kamati zilikuwa wapi

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilihudumia Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo ilikuwa ya Wabelgiji, kwa hiyo haikuhusika. Mpaka uliochorwa kugawana milima uligawana pia msamiati. Kiswahili cha Kivu kilielezwa kwa miongo mingi kama lahaja iliyoharibika, na maneno yake yakapimwa kwa umbali wake kutoka Zanzibar badala ya ukaribu wake na mambo yanayotajwa. Hivyo mazuku yaliingia katika majarida ya Ulaya kabla ya kuingia katika kamusi zetu.

Gharama ya mgawanyiko huu inaonekana siku za maafa. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava la Nyiragongo lilimwagika kupitia mipasuko ya ubavuni kwa muda usiofika saa moja. Lava ya mlima huu ina silika kidogo, kwa hiyo hutiririka upesi mno, na watu wengi walikufa kabla ya kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 mipasuko ilishuka hadi mjini. Lava ikapita katikati ya Goma, ikafunika takribani asilimia 13 ya mji na kuingia ziwani, huku mamia ya maelfu wakivuka kwenda Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Lava ilisimama kandokando ya mji, na baadhi ya waliojaribu kuivuka kabla haijapoa walikufa kwa kukosa hewa. Siku tano baadaye, kwa hofu kwamba miamba iliyoyeyuka ilikuwa imefika chini ya mji na ziwa, wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waliamriwa kuondoka.

Wengi wao walielekea Sake. Barabara ya Sake hupita Mugunga, karibu na Bulengo, na huko ndiko kwenye mazuku. Aliyekimbia moto unaoonekana aliongozwa kuelekea gesi isiyoonekana, akalala nje, chini, usiku. Eneo hilohilo lilipokea kambi za wakimbizi kutoka Rwanda mwaka 1994, na kambi za waliohamishwa na vita kati ya mwaka 2022 na 2024. Mzaliwa wa hapo anajua ni shimo lipi la kuepuka. Mgeni kutoka Masisi au Rutshuru anasimika turubai pale palipobaki wazi, na mara nyingi pamebaki wazi kwa sababu wenyeji wanapajua.

Pendekezo

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya ina makao yake Zanzibar. Njia ya kurekebisha lile lililoachwa mwaka 1930 ipo, na haina gharama kubwa. Kwa upande wa watunga sera, onyo la mazuku liwekwe katika mpango wowote wa kuhamisha watu kuelekea magharibi mwa Goma, na maeneo ya kambi yapimwe alfajiri, si adhuhuri, kabla ya turubai la kwanza kusimikwa. Kwa upande wa kamusi, napendekeza kidahizo kifuatacho, kwa maneno ambayo mtangazaji wa redio ya kijamii anaweza kuyasoma kama yalivyo:

Mazuku: mahali pa chini, hasa shimo, bonde au pango katika ardhi ya volkano, panapotuama hewa ya ukaa itokayo ardhini, hewa hiyo ni nzito, haionekani wala hainuki, huzidi usiku na alfajiri, na huua anayeinama, anayelala au aliye mfupi kabla ya aliyesimama.